Muhuri wa Ikola

Safari hii ilianzishwa na kipeperushi ambacho hakikutuhusu. Deo, mwenyeji wa Sitalike ambaye kwa miaka mingi ameongoza watalii kwa miguu ndani ya hifadhi ya Katavi, alikiokota kwenye kiti cha gari baada ya wageni wake kupanda ndege. Kilikuwa na picha za kumeremeta: ngome za zamani, ufukwe wa bahari, na wazee wanane wenye kofia pana waliosimama shambani wakinusa glasi za mvinyo. Kiliandikwa kwa lugha ya kigeni asiyoisoma, akamwomba mtu amsomee. Maneno makubwa yalisema: miji ya kale, pwani na nchi ya mvinyo, kwa vikundi vidogo.

"Dada Ansila," aliniambia siku aliyoleta suruali yake ya kaki nimshonee zipu, maana mimi ni fundi cherehani hapa Kawajense, mjini Mpanda, "hebu nambie, sisi tunakosa nini? Mji wa kale tunao, Karema. Pwani tunayo, ziwa zima lile. Mvinyo tunao, wanzuki wa Inyonga, pombe ya asali. Tunachokosa ni kofia tu."

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshapanga: watu sita, siku tatu, gari lake la Noah, na yeye mwenyewe dereva na mwongozaji. Nilipoona hacheki, nikaacha kucheka na mimi, nikasema nakwenda. Kisha nikasema nakwenda na mama.

Hapo lazima nimweleze mama yangu, kwa sababu bila yeye hii ingekuwa safari ya kula na kupiga picha tu. Anaitwa Daforoza. Alizaliwa Rumonge, Burundi, nyumba ya tatu kutoka majini. Akiwa msichana machafuko yaliwafukuza, wakavuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, na hatimaye wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi nje ya Mpanda, msituni. Huko ndiko aliolewa na huko ndiko nilikozaliwa. Kutoka makazini hadi ziwani ni mwendo wa saa chache kwa gari. Tangu apelekwe huko, mama hakurudi ziwani hata mara moja.

Enzi zile mtu hakutoka makazini bila kibali. Unakwenda ofisini, unaeleza unakwenda wapi na kwa sababu gani, unapewa karatasi yenye muhuri, na ukirudi unairudisha. Mama aliomba kwenda ziwani mara moja tu. Kwenye sababu aliandikisha: kunawa uso. Aliyekuwa mezani siku hiyo aliinua kichwa akamuuliza, "Kwani maji ya kisima chenu hayanawishi?" Watu kwenye foleni wakacheka. Mama alirudi nyumbani na hakuomba tena. Sasa ni raia wa nchi hii, cheti chake amekifunga kwenye nailoni mbili na kukilaza chini ya godoro, anaishi nami Kawajense, na goti moja limeanza kumsumbua. Niliapa kwamba kabla goti la pili halijafuata, mama yangu atanawa uso ziwani, hata kama nitambeba mgongoni.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa barazani tumevaa vizuri tukisubiri gari. Mimi nilikuwa na begi, mama alikuwa na daftari la shule. Kumbe jana yake, nikiwa kwenye cherehani, alikuwa amekwenda mwenyewe ofisi ya mtaa akaomba barua ya utambulisho. Barua hiyo, yenye muhuri wa buluu, alikuwa ameibandika kwa gundi ukurasa wa kwanza. Kurasa zilizofuata alizipigia mistari kwa rula: Mahali, Siku ya kufika, Sababu, Saini na muhuri.

"Mama, haya ni matembezi," nilimwambia. "Hakuna atakayekuuliza kitu."

"Mwana wanje," alinijibu, yaani mwanangu kwa Kirundi, kama anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "mtu hatoki kwake bila karatasi. Ukikutwa huna, utajieleza wewe ni nani?"

Nilifungua mdomo nibishe, lakini Noah ilikuwa imeshapiga honi.

Ndani ya gari walikuwemo wenzetu. Mwalimu Shija, Msukuma, mwalimu mstaafu aliyefundisha hesabu watoto wa nusu ya mji huu, alikaa mbele kwa Deo akiwa na saa yake ya mkononi kama yuko kwenye mtihani. Mama Zuhura, mfanyabiashara wa vitenge pale sokoni, alikuwa mzaliwa wa Ikola, kijiji cha wavuvi ziwani tulikokuwa tunakwenda. Nilimtania kuwa ni mtu wa kwanza Tanzania kwenda kutalii kwao. "Mkataa kwao mtumwa," alinijibu huku akijipepea, "mimi nakwenda kwetu nimekaa kiti cha nyuma kama mzungu, waone." Nyuma kabisa walikuwepo bibi na bwana harusi, wiki tatu tangu wafunge ndoa, ambao walisikiliza simu moja kwa waya mmoja, sikio moja moja, na katika siku tatu sidhani kama walizungumza na sisi maneno kumi.

Saa tatu na nusu tulikuwa upande wa Inyonga, kwenye kijiji kimoja cha warina asali. Nimeishi mkoa huu miaka yote na sikuwahi kuona miombo ikiwa na mizinga namna ile, imening'inia juu kila upande. Deo alitushusha, akainua ngumi hewani. Tukasimama wote. Ndivyo anavyowasimamisha watalii akiona tembo, na mkono wake haujui kufanya vingine. Akatuamuru tumfuate mmoja mmoja kwa mstari, bila kelele, tukanyata hivyo mpaka uani kwa mwenyeji wetu, ambaye alikuwa anapepeta mahindi na akatutazama kwa mashaka makubwa.

Mwenyeji huyo alikuwa Mama Kalunde, Mkonongo, kiongozi wa akina mama wafuga nyuki. Mikono yake ilikuwa na alama za nyuki hadi kwenye viwiko na sauti yake ilitosha mikutano miwili. Alitupa asali kwenye kijiko, kwanza ya rangi ya chai ya rangi, kisha nyingine nyeupe karibu kama siagi, akatueleza kila moja ni ya maua gani na ya mwezi gani. Mwalimu Shija alisahau saa yake, akaomba kijiko cha tatu.

Kisha ukaja wanzuki kwenye mtungi. Deo alikuwa amejiandaa kwa saa hii. Alitoa glasi sita ndefu za soda, akatuonyesha kama kwenye kipeperushi: unaizungusha, unaiweka puani, unavuta harufu, unafumba macho. Tukainusa, macho tumefumba. Nilipofumbua, Mama Kalunde alikuwa amesimama mikono kiunoni.

"Mbona mnanusa? Imeoza?"

"Hapana mama, ndivyo wanavyoonja mvinyo," alisema Deo.

"Hapa kwetu mtu akinusa pombe ya mwenzake, anasema aliyepika ni mchawi. Nyie mnaogopa, semeni mnaogopa." Akamnyang'anya Deo glasi, akanywa funda kubwa mbele yetu, akamrudishia. "Haya. Mwenyeji ameshakunywa, sumu imetoka. Sasa kunyweni kama watu."

Tukanywa kama watu. Ndugu zangu, ule wanzuki ulikuwa mtamu, mkali kidogo kooni, na ulipofika tumboni ulikaa kwa adabu. Mama Zuhura na maharusi, ambao hawanywi kilevi, walipewa maji ya asali, na Mama Zuhura akadai yake ndiyo matamu zaidi.

Tulipomaliza ndipo nikagundua mama hayupo. Hajanywa, hajala, kiti chake kitupu. Nilitoka mbio. Nikamwona anarudi polepole kutoka upande wa ofisi ya kijiji na daftari lake, na nyuma yake mtendaji wa kijiji, anafunga tai huku anatembea, na nyuma ya mtendaji watu kama kumi na watano.

Mtendaji alikuwa amesoma barua yenye muhuri kutoka Mpanda, akaona bibi mwenye heshima na gari lililojaa wageni, akajumlisha mwenyewe: ugeni kutoka mkoani, umekuja kukagua mradi wa nyuki. Kabla Deo hajasema neno viti vililetwa, mama akakalishwa katikati, kitabu cha wageni kikafunguliwa mbele yake, na katibu wa akina mama akasimama na karatasi.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alianza, na akasoma risala yote. Mizinga haitoshi. Mavazi ya kurinia yamechanika. Barabara ya kuingia kijijini masika haipitiki. Tunaomba serikali yetu sikivu. Mama alisikiliza bila kupepesa macho. Mwalimu Shija aliniangalia, nikamwangalia Deo, Deo akaangalia ardhi. Risala ilipokwisha watu walipiga makofi, wakasubiri majibu ya mgeni rasmi.

Mama alisimama, akashika goti. "Nimewasikia," alisema. "Mmesema vizuri sana. Mimi sina kitu, mimi ni Daforoza. Nilikuwa naomba tu mnisainie."

Katibu aligeuza karatasi yake, akaangalia upande wa nyuma. Kisha Mama Kalunde alicheka, akacheka hadi akakaa chini, na mtendaji naye, baada ya kujikaza, akacheka na kulegeza tai. Kwa kuwa alikuwa muungwana, alimsainia mama ukurasa wake na kugonga muhuri. Kwenye sababu akaandika: Mgeni wetu. Na nguo za kurinia zilizochanika nilizichukua mimi, nimezishona wiki iliyopita na zimesharudi kwa basi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumamosi ilikuwa siku ya barabara. Tuliondoka Inyonga alfajiri, tukapita Mpanda tukanywa chai, tukaelekea magharibi. Mwalimu Shija hakuwa na furaha. Ile risala ilikula saa nzima, tukaikosa ziara ya msituni aliyokuwa ameisubiri, na alisema wazi, kwa upole wa walimu ambao unauma kuliko ukali, kwamba ratiba ni ratiba na kwamba daftari la mama lisiwe abiria wa saba. Nilimwelewa. Na mimi lilikuwa limeanza kunikera, ila mama ni wangu, kwa hiyo nilinuna kwa niaba yake.

Vumbi lilitufuata, milima ikaanza, gari likapanda na kushuka, na kila kona Deo alisema "sasa hivi". Tulipita jirani na Ikola bila kusimama. Deo alisema Ikola ameiweka mwisho, kama nyama kwenye sahani ya mtoto. Mama alikuwa amesinzia begani kwangu, sikumwamsha.

Saa kumi na moja jioni tulifika Karema. Tulilala nyumba ya wageni ya jirani na misheni, na asubuhi, Jumapili, tulikwenda misa ya kwanza. Mama Zuhura alibaki nje kivulini na maharusi, wao wakiwa Walokole, na nadhani huko ndiko alikopata yale maneno kumi.

Mji wa kale ndio ule sasa! Kanisa kubwa la matofali mekundu, kuta nene ambazo ukiziegemea mgongo unapoa, na karibu yake mabaki ya boma lililojengwa na Wazungu wa kwanza kufika pale kabla ya wamisionari kulichukua. Deo aliinua ngumi, tukasimama, akatunong'oneza historia yote kana kwamba ingekimbia ikisikia sauti. Alituonyesha maji yalikofika zamani, karibu kabisa na ngome, na jinsi ziwa lilivyorudi nyuma likaacha mashamba. Nilishika ukuta ule kwa mikono miwili. Mimi ambaye naona fahari cherehani yangu ina umri wa miaka ishirini, nilijisikia mdogo na nikafurahi kujisikia hivyo.

Mama hakuwa anaangalia ukuta. Alikuwa ameangalia chini, mbali, kule ziwa lilikokuwa linang'aa hadi kwenye milima ya Kongo. Nilimshika mkono.

"Tushuke sasa hivi?" nilimuuliza.

"Kwanza ofisi," alisema.

Katibu wa parokia alimsainia na kumgongea muhuri wa parokia, bila maswali, kama mtu aliyezoea wazee wenye karatasi. Kwenye sababu aliandika: Misa.

Saa sita mchana, Ikola. Hapa nieleze polepole.

Kijiji kizima kilikuwa kinameremeta. Dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali, kwenye chanja, kwenye nyavu kuukuu, kwenye mchanga uliofagiliwa, na jua la kiangazi liliwapiga mpaka ukiangalia unafumba jicho moja. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, maboti yenye taa za kuvulia yalikuwa yanapumzika, watoto walikuwa wanaoga. Harufu ya dagaa ilitupokea kabla hatujafungua mlango. Mama Zuhura aliruka nje gari halijasimama vizuri, na kabla hajavaa kiatu cha pili alikuwa ameshakumbatiwa na wanawake wanne. Maharusi walivua viatu wakakimbia majini wameshikana mikono. Hata Mwalimu Shija alikunja suruali. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, na nikapiga.

Mama hakushuka. Alikaa kwenye mlango wa Noah, miguu nje, kandambili zake zikining'inia juu ya mchanga bila kuugusa. Kutoka pale hadi kwenye maji zilikuwa hatua hamsini.

"Muite mtendaji," aliniambia.

Deo alikwenda na kurudi. Ilikuwa Jumapili, ofisi imefungwa, na mtendaji alikuwa amesafiri kwenda Mpanda.

"Mwenyekiti?" mama aliuliza.

Mwenyekiti alikuwa kwenye harusi kijiji cha pili, na muhuri uko kabatini, na ufunguo wa kabati uko Mpanda kwa mtendaji.

"Basi nitamsubiri."

"Mama, atarudi kesho!"

"Basi," alisema, na akakunja mikono juu ya daftari.

Deo aliangalia jua. Ilibidi tuondoke saa tisa ili tuivuke milima mchana. Alimwambia mama kwa heshima zote kuwa hapahitajiki ruhusa. Mama Zuhura alikuja akaapa kwamba hii ni kwao, yeye anamkaribisha, babu yake ndiye aliyefyeka pale. Mama aliwashukuru wote wawili na hakusogea. Saa saba ikapita. Saa nane ikagonga. Watu walikula wali na samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, mama akakataa, maana hawezi kula mahali ambapo hajaripoti.

Na mimi nikachemka. Ninakiri hapa mbele yenu wasomaji wote, nilimpigia mama yangu kelele mbele ya watu. "Miaka hamsini ulikuwa unazuiwa na wengine! Leo nani anakuzuia? Nionyeshe! Ni wewe mwenyewe unayejizuia!"

Aliniangalia, hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Dada yangu mkubwa alitoka bila karatasi kwenda kumzika mwanaye. Alirudishwa njiani. Hakumzika. Mpaka anakufa alikuwa anasema, ningesubiri siku moja tu, ningepata karatasi." Akalipapasa daftari. "Mimi nataka kwenda pale na nisirudishwe, Ansila. Basi."

Sikujua habari hiyo. Mama mkubwa nilimjua, kifo cha mwanaye sikukijua. Nilikaa kwenye mchanga karibu na miguu yake nikalia, na uzuri wote wa Ikola ukawa ukungu.

Mwalimu Shija alikuwa amesimama pembeni, suruali imekunjwa, miguu imelowa. Alisogea akachuchumaa mbele ya mama. Nilidhani anakuja na saa yake, kumbe alikuwa anawaza habari ya kibali niliyomgusia njiani.

"Mama," aliuliza, "ile siku ulipoomba zamani, sababu ulisema nini?"

"Kunawa uso."

"Wakasemaje?"

"Wakasema hiyo si sababu. Wakasema kisimani kuna maji."

"Nani kasema?"

Hiyo ilikuwa sauti mpya. Mwanamke mmoja alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja hatua chache kutoka kwenye gari letu, kanga kaifunga kiunoni, mikono hadi kwenye viwiko ina magamba. Mama Zuhura alitwambia baadaye kuwa anaitwa Tatu na kwamba walisoma wote darasa moja. Alikuwa anasikia kila neno tangu mwanzo.

"Nani kasema kunawa si sababu?" alirudia, akija. "Mimi nimezaliwa hapa. Kila siku nikiamka, sijasema na mume, sijawasha moto, nakwenda kwanza kunawa pale. Kisima ninacho uani. Yaani maisha yangu yote nafanya kitu kisicho na sababu?"

Mama alimtazama. "Na wewe unasainiwa na nani?"

"Nani anisainie? Maji?"

Tatu aliona daftari. Alilichukua kutoka mikononi mwa mama, akafungua kurasa, akatazama muhuri wa Inyonga na muhuri wa parokia, akafika ukurasa mtupu. "Kumbe unataka muhuri tu, bibi? Ungesema." Akarudi kwenye chanja, akazamisha kiganja cha mkono wa kulia kwenye ndoo ya dagaa wabichi, akakikandamiza kwenye ukurasa wa mama, kwa nguvu, vidole vyote vitano, kama mtu anayekanda unga. Alipouinua mkono, palibaki kiganja kizima cha mafuta na magamba, kinang'aa kama fedha, na jicho moja la dagaa chini ya kidole gumba.

"Huo ndio muhuri wa Ikola," alisema. "Wa mtendaji unafutika. Huu, hata ukiosha na sabuni, wiki mbili unanuka."

Mama alipokea daftari, akaliinua puani, akanusa. Alinusa muda mrefu, macho amefumba, kama tulivyonusa wanzuki.

"Rumonge," alisema.

Halafu akamwomba Mwalimu Shija kalamu. Kwenye mstari wa sababu, kwa mwandiko wake wa darasa la watu wazima la kanisani, herufi moja moja, aliandika: KUNAWA USO. Mwalimu alisubiri hadi nukta ya mwisho, akachukua kalamu, akaweka alama ya vema pembeni.

Mama akavua kandambili, akashuka.

Nilimshika mkono wa kushoto na Tatu mkono wa kulia. Mbele yetu Deo aliinua ngumi, na maharusi, watoto, wavuvi na kila aliyekuwa majini wakasimama. Tukapita katikati yao sote watatu. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu yake, kisha kwenye pindo la kitenge, na hakuinua kitenge. Aliinama, goti bovu na goti zima pamoja, akachota kwa mikono miwili akanawa uso. Mara tatu. Mara ya nne aliyanywa. Kisha akanigeukia huku maji yanamtiririka kidevuni, akanirushia mengine usoni, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu, na akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia ndani ya nyumba yetu. Nilimrushia na mimi. Tatu akapiga vigelegele. Mwalimu Shija alitazama saa yake na kutangaza ni saa tisa na robo, na kwamba kwa maoni yake ratiba inaendelea vizuri.

Tuliondoka saa tisa na nusu tukiwa tumelowa, na gunia la dagaa juu ya gari. Njia nzima mama alikula migebuka kwa mkono, akatusimulia Rumonge: majina ya mitumbwi, nani alimwoa nani, kutoka mti gani walikuwa wanarukia majini. Mimi, mwanaye wa pekee, nilikuwa nasikia nusu ya mambo hayo kwa mara ya kwanza, na maharusi kule nyuma walikuwa wametoa waya masikioni. Jua lilikuwa linagusa vilele tulipoingia Mpanda.

Watu mtaani wameniuliza nimejifunza nini, maana ukisafiri siku tatu lazima uwe umejifunza kitu. Nimejifunza kwamba wanzuki haunuswi. Nimejifunza kwamba Katavi yetu ina kila kitu cha kwenye kile kipeperushi isipokuwa zile kofia, na Deo ameshaniletea kitambaa nizishone sita. Na nimejifunza kwamba nilikuwa naishi na mama yangu bila kujua alikuwa anasubiri nini.

Jumatatu asubuhi nilimngoja aende ofisi ya mtaa kurudisha barua, kama alivyozoea kurudisha vibali zamani. Hakwenda. Daftari aliliweka chini ya godoro, karibu na cheti chake cha uraia, na nyumba nzima ikanuka dagaa. Paka wa jirani hakubanduka dirishani siku nne.

Siku ya tano, nikiwa kwenye cherehani, mama alisimama mlangoni amevaa kitenge cha safari, mikono mitupu.

"Mwezi ujao Deo akienda, nakwenda Ikola," alisema.

"Sawa mama," nilisema bila kuinua kichwa. "Nitakuombea barua mtaani."

"Hapana, mwana wanje. Sijaja kuomba. Nimekuja kukuaga."